Chungu Kilichofunuliwa Kabla ya Neno

Tangu alfajiri Basilia alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu ya mbao kwa majani ya ndizi. Ubao ulipong'aa hakuuacha. Alirudi nyuma akaanza upya, kama mtu aliyeambiwa kwamba bahati ya mwanawe itageuza njia ikiona vumbi.

"Inang, basi," Salud alimwambia mama yake kutoka dirishani. "Wanakuja kuposa, hawaji kulala chini."

"Nyamaza wewe. Ukizeekea humu ndani nitawaambia nini watu wa Taal? Kwamba sakafu ilikuwa chafu?"

"Waambie binti alikuwa na mdomo."

"Hilo wanalijua tayari!"

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho cha pamoja kwa muda mrefu, lakini asubuhi ile nani angejua?

Salud Marasigan alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mama yake, aliyeacha shule darasa la nne, alimsomesha kwa sindano. Basilia alidarizi magauni ya maharusi wa watu mpaka macho yakaanza kutoa machozi yenyewe. Sasa ulibaki mwaka mmoja tu Salud amalize sheria katika chuo kikuu kule Manila, na masomo yangeanza tena Juni. Likizo hii hakuja kupumzika. Wasichana wa chuo walikuwa wamekubaliana kila mmoja arudi kwao akawaamshe wanawake, maana wakubwa wa nchi walikuwa wametoa sharti: wanawake watapewa haki ya kupiga kura iwapo laki tatu kati yao watakwenda wenyewe kituoni na kuandika kwamba wanaitaka. Na asiyejua kusoma na kuandika asijisumbue. Basi kila jioni, uvunguni mwa nyumba yao iliyosimama juu ya nguzo, Salud aliwafundisha wanawake wa mtaani kushika chaki. Wauza samaki, wafua nguo, bibi wa miaka sitini aliyelia siku alipoliona jina lake ubaoni.

Na ubao ule nani aliutengeneza? Anselmo. Alichagua mbao mwenyewe, akazipiga randa, akazipaka rangi nyeusi mara mbili, akaubeba begani toka kwao mpaka kwa kina Salud, barabara nzima ikimtazama.

Msichana unayesoma habari hizi, angalia hapo. Mwanamume anaweza kukubebea ubao begani mbele za watu, na bado ukawa hujamjua.

Anselmo Ilagan alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba yenye mashamba ya miwa na michungwa. Tangu mvua zilipokatika mwaka uliopita alikuwa akitumikia nyumbani kwa kina Salud, kama desturi inavyomtaka mchumba: kuteka maji, kupasua kuni, kutengeneza paa, na asimguse binti hata kidole. Hata Salud alipokuwa Manila, Anselmo alikuja. Basilia alikuwa akiamka anakuta mtungi umejaa hadi mdomoni na kuni zimepangwa uvunguni, zimelingana kama vitabu. Mama mjane, asiye na mtoto wa kiume, utamlaumu vipi kwa kumpenda kijana yule?

Asubuhi ile ya kuposwa hakutakiwa kuja mapema. Alikuja. Salud alimkuta jikoni akimimina maji mtungini, mikono ya shati imekunjwa, shingo imelowa jasho.

"Leo wewe ni mgeni," Salud akamwambia. "Wageni hawateki maji."

"Nimezoea. Nikiamka miguu inakuja yenyewe."

"Na kichwa?"

"Kichwa kilitangulia siku nyingi." Akamtazama. Anselmo alikuwa na macho ya kahawia yaliyofifia, na akimtazama mtu huwa hapepesi, na Salud, aliyewahi kusimama plaza, uwanja wa mji, mbele ya watu mia tano bila karatasi mkononi, alijikuta anatafuta kitambaa cha kushika.

"Umeshamwambia mama yako?" akauliza.

"Lipi?"

"Anselmo, usinifanyie hivyo. Juni. Na kura."

Akaweka ndoo chini polepole. "Nitamwambia leo."

"Leo lini? Watakapokuwa wanashuka ngazi?"

"Leo mbele ya wote, wazee wakiwa wamekaa. Nitasema: Salud atamaliza masomo kwanza, na siku ya kura nitamsindikiza mwenyewe. Akinikatalia mbele ya watu ataona aibu. Namjua mama yangu."

"Mimi siruhusiwi kusema leo. Unajua."

"Ndiyo maana nitasema mimi." Akatabasamu. "Nimekubebea ubao, nitashindwa kukubebea maneno mawili?"

Vidole vyao vilikuwa karibu kwenye ukingo wa mtungi, karibu kiasi cha kusikia joto. Havikugusana. Salud alikwenda kubadili nguo akiwa anaimba.

*

Walifika baada ya misa. Mbele alitembea Donya Eskolastika, mama yake Anselmo, mwanamke mrefu aliyesomea kwa masista na kuongea Kihispania hata na mbwa wake. Nyuma yake mumewe, Don Teofilo, mtu wa kusinzia. Kisha Anselmo katika shati jeupe la nyuzi za mnanasi, na mwisho watumishi wawili wamebeba chungu kikubwa cha nyama ya mbuzi kikining'inia kwenye mti, na kapu la suman, wali mnata uliofungwa majani.

Mji mzima wa Taal unajua kanuni ya chakula hicho. Kinaletwa na upande wa mwanamume, kinawekwa mezani, na hakifunuliwi mpaka maneno yamekwisha. Mama wa binti akikifunua, amekubali. Baada ya hapo hakuna tena mjadala, kuna kula tu.

"Ngazi zenu kali, Basilia," alisema Donya Eskolastika akijipepea. "Sasa naelewa kwa nini binti amechelewa. Wachumba wote waliishia katikati."

"Tulikuwa tunawangoja wenye magoti mazima, Donya," akajibu Mang Krispulo, mdogo wake marehemu baba yake Salud, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Watu wakacheka. Salud akatoka kuwapokea, kwa heshima akaupeleka mkono wa kila mzee kwenye paji la uso wake, kisha akarudi mlangoni pa jikoni alikotakiwa kukaa, na sinia la kahawa mikononi.

Mazungumzo yalianza vizuri. Walisifu mvua, wakasifu kahawa, wakamsifu Anselmo kwa kuni zake. Don Teofilo akasinzia. Kisha Donya Eskolastika akakunja upepeo wake.

"Basi tuseme lililotupandisha ngazi. Kijana wangu ameshamchagua, nami sina neno na msichana. Sura anayo. Adabu anayo, akitaka. Nina mambo mawili tu."

"Sema, Donya," akasema Basilia haraka.

"La kwanza, Juni asirudi Manila. Mke wa mwanangu hawezi kukaa bweni, anakula samaki wa kopo na kubishana na wavulana. Alichosoma kinatosha. Mimi mwenyewe nilisoma, na sikuhitaji kumpeleka mtu mahakamani."

Mang Krispulo akakohoa. "Umebaki mwaka mmoja tu, Donya."

"Ndiyo nasema, mmoja tu. Hapotezi kitu. La pili ni hiyo kura. Asiende. Na hilo darasa la uvunguni life. Jumapili iliyopita mtu kaniuliza nje ya kanisa, 'Hivi mkweo ndiye yule anayepiga kelele plaza?' Mimi! Nje ya kanisa! Shule ndiyo iliyowaharibu hawa. Mpe msichana kitabu, kesho atakuomba kura, keshokutwa atakuomba suruali."

Salud hakumtazama mama mtu. Alimtazama Anselmo.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, anaizungusha. Sema, Salud alimwambia kwa macho. Sasa. Ndio wakati wenyewe huu. Akaliegemeza sinia kifuani.

"Kijana," Mang Krispulo akamgeukia, "naye mwenye kuoa ana ulimi. Wewe unasemaje?"

Kofia ikasimama. Anselmo akainua kichwa, akamwona mama yake, akamwona Salud, akarudi kwa mama yake. Midomo ikafunguka. Salud alikuwa amekwisha kuyasikia maneno yale asubuhi, aliyajua kwa moyo, angeweza kumnong'oneza.

"Mimi..." alisema Anselmo. "Mimi naona mambo haya yatajirekebisha yenyewe. Tukishakuwa nyumba moja."

"Yatajirekebisha vipi?" akauliza Mang Krispulo.

"Polepole, Mang Krispulo. Si lazima kuyasema yote leo."

Salud akavuta pumzi. Mama yake alimwona. Mama anayajua mabega ya mwanawe. Basilia alijua binti anakaribia kufanya lisilofanywa, kufungua kinywa siku ya kuposwa kwake mwenyewe. Na mbele ya macho yake akaona vyote: mtungi mtupu, kuni zimekwisha, binti wa miaka thelathini, arobaini, na vitabu vyake, na yeye mwenyewe kipofu hawezi tena hata kutunga uzi.

"Jamani, chakula kinapoa!" alipaza sauti, sauti nyembamba kama ya mtu anayenadi samaki sokoni. Akaruka mezani, akafungua kamba, akalivua jani la ndizi juu ya chungu.

Mvuke ukapanda. Harufu ya mbuzi na viungo ikajaa chumbani. Ukasikia watu wakishusha pumzi, wote kwa pamoja.

"Basi," alisema Donya Eskolastika, akafungua upepeo. "Neno limekwisha."

"Inang," alisema Salud. Hakuna aliyemsikia.

Basilia hakugeuka. Alishika suman ya kwanza akampelekea Anselmo kwa mikono miwili. "Kula, mwanangu. Kula. Sasa wewe ni wa humu."

Anselmo aliishika. Kwa kitambo alikaa nayo tu mkononi, na hapo alimtazama Salud, mtazamo wa mtu anayeomba asubiriwe. Salud akatikisa kichwa. Kidogo mno, lakini Anselmo aliona. Usile. Ukila, umekubali yote mawili. Weka chini, nami nitakungoja mpaka nywele ziwe nyeupe.

Akafungua jani. Akauma.

Salud aliona taya linavyokwenda, juu, chini, kama la ng'ombe wa kiwandani mwa miwa. Kwa nini alikumbuka ng'ombe, hakujua. Aliwahi kuufikiria mdomo ule usiku mwingi bwenini Manila, kwa namna nyingine.

Akaweka sinia chini. Akatembea juu ya sakafu ile iliyosuguliwa, peku, watu wakampisha wakidhani anakwenda kumbusu mama mkwe. Akaliokota jani la ndizi pale mama yake alipoliangusha, akalitandaza juu ya chungu, akalibonyeza pembeni kote taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu uso.

"Salud!" Basilia akaita.

"Samahani, wazee. Chakula kimefunuliwa kwa makosa. Mama yangu alikuwa na haraka. Mimi sina."

Don Teofilo akazinduka. "Tumeshakula?"

"Inuka, mzee, twende zetu!" Donya Eskolastika alisimama, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko upepeo. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Hii ndiyo shule! Unauza macho yako, Basilia, unampeleka mtoto chuo, anakurudia hakimu ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hata kuzungumza na wazee hajui."

"Najua, Donya," alisema Salud. "Ndiyo maana nimeomba samahani kwanza."

"Krispulo! Mzuie!"

Mang Krispulo alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. "Ningemzuia nini, Donya? Mimi ndiye niliyemuuliza kijana, naye hakujibu."

Watumishi wakakibeba tena chungu. Hakuna aibu kubwa Taal kuliko hiyo: chungu kinachorudi kimejaa, mchana, barabara nzima ikiwa madirishani.

*

Anselmo alibaki nyuma, chini ya ngazi, karibu na rundo la kuni. Salud akamfuata. Sasa hapakuwa na desturi ya kuvunja tena.

"Kwa nini hukunisubiri?" Anselmo akasema. "Ningekuruhusu, Salud. Baada ya harusi, mama akishatulia, ningekuruhusu."

"Ungeniruhusu."

"Ndiyo! Mwaka huu usingerudi, sawa, lakini mwakani..."

"Na kura? Ni tarehe thelathini, Anselmo. Nayo ingengoja mama yako atulie?"

"Ni kura moja! Mnataka laki tatu, wewe ni mmoja tu. Nani angejua kama hukwenda?"

Salud aliutazama ubao mweusi uliosimama ukutani. Majina ya wanawake wa juzi yalikuwa hayajafutwa bado.

"Wewe ungejua," akasema. "Kila ukiniona ungejua. Na mimi ningejua kwamba unajua."

"Nimetumika hapa miezi yote hii. Mikono yangu angalia. Hainisaidii kitu?"

Alimwonyesha viganja. Vilikuwa na sugu, viganja vya mtoto wa mashamba aliyezoea kutumikiwa. Salud alivitazama, na alitaka, Mungu shahidi wake, alitaka kuviweka mashavuni. Machozi yalikuja akayaacha yashuke.

"Nilidhani unanitumikia kwa kuwa unanipenda. Kumbe ulikuwa unangoja zamu yangu ya kukutumikia ianze."

"Si kweli."

"Basi kwa nini ulikula?"

Anselmo aligeuza kofia mkononi. Kona ya mdomo wake bado ilikuwa na punje ya wali.

"Mama yako alinipa mwenyewe," alisema. "Ningeikataaje mikono ya mama yako?"

Na hilo, wazazi wenzangu, ndilo lililomchoma Salud kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kutoka barabarani Donya Eskolastika aliita jina la mwanawe, mara moja tu. Anselmo akavaa kofia. Akaenda.

*

Basilia hakusema na binti yake kwa siku nyingi. Alipika, akaweka sahani, akakaa kwenye darizi zake akiwa amempa mgongo. Kuni zilikuwa zile zile za Anselmo, na kila chakula kilichoiva ndani ya nyumba ile kiliiva kwa mikono yake. Salud alikula moshi wake asubuhi na jioni.

Siku ya kura ilifika. Salud alisimama foleni na wanawake wake wa uvunguni, wamevaa nguo za misa, wananong'ona herufi kama wanasali. Mbele yao likasimama gari la kina Ilagan. Akashuka Donya Eskolastika.

"Usishangae," alimwambia Salud. "Nami nimejiandikisha. Nimekuja kuandika kwamba hatuitaki."

Anselmo alikuwa ameshika mlango wa gari. Aliivua kofia, akatazama upande wa kanisa.

"Karibu, Donya," Salud akasema. Akampisha, apite mbele, kwa sababu alikuwa mzee. Mwandiko wa Donya, wasimamizi walisema baadaye, ulikuwa mzuri kuliko wote.

Mei, habari zikaja kutoka Manila: wanawake wamezidi laki tatu, tena kwa mbali. Wafua nguo walicheza mtoni. Kengele zikapigwa. Jioni hiyo hiyo Salud alikuwa dirishani aliposikia vicheko vinapanda barabara, akaona chungu kikubwa kwenye mti, kapu la suman, upepeo, na nyuma, katika shati jeupe, Anselmo. Walikuwa wakienda mtaa wa juu, kwa kina Atienza, wenye binti wa miaka kumi na nane aliyetoka juzi kwa masista. Harufu ya mbuzi ilipita chini ya dirisha, ikakaa, ikaondoka.

Anselmo hakuinua uso. Lakini alipofika usawa wa ngazi hatua zake zilipungua, kama miguu iliyozoea kukata kona pale, halafu zikaendelea.

Salud akafunga dirisha. Alipogeuka, mama yake alikuwa ameshaweka chakula mezani. Sufuria ya wali katikati, kifuniko juu. Basilia alikuwa amekaa, mikono mapajani, macho mekundu.

"Kuni zake zimekwisha leo," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kwa muda mrefu.

"Kesho nitapasua mimi."

"Huwezi. Utajikata."

"Nitajifunza. Mpaka Juni nitakuwa nimejua." Salud akavuta kiti. "Inang, wali unapoa."

Basilia akatazama sufuria. Vidole vyake vikainuka kutoka mapajani, vikarudi.

"Funua wewe," alisema.

Salud akafunua. Wali ulikuwa umeshapoa. Wakala hivyo hivyo, na kwa mbali, mtaa wa juu, watu wakaanza kupiga makofi.